Je, Wajua? Mzazi wa Wasini na Kilo Zake

Haya mzazi, sogea hapa barazani. Mtoto mpe bibi yake kidogo. Najua majirani wamekuja kukuona, wamekuletea uji na leso, wamekutazama juu hadi chini, na mmoja hakukosa kusema, "Ala, umenenepa!" Msamehe bure. Haya ninayotaka kukwambia hajayasikia bado.

Mwili umeanza bila kukuuliza

Je, wajua kwamba siku ya kujifungua pekee mwanamke hupungua kilo 5 hadi 6? Mtoto peke yake ni kilo 3 na ushei, kondo la nyuma zaidi ya nusu kilo, maji ya uzazi karibu kilo nzima, na damu juu yake. Nionyeshe mazoezi yatakayofua dafu mbele ya siku hiyo!

Mfuko wa uzazi ukishamaliza kazi huwa na uzito wa karibu kilo 1. Wiki moja baadaye umeshashuka hadi nusu kilo, na ikitimia wiki ya sita haufiki gramu 100, ukubwa wa pera. Wewe umelala, wenyewe unajikunja tu.

Damu ya mjamzito huongezeka kwa karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo kabla. Ukishazaa, maji hayo ya ziada hutafuta njia ya kutoka, kwa mkojo na kwa jasho. Umeamka usiku leso imelowa? Usishtuke, unapungua hivyo!

Je, wajua kwamba katika kilo ulizoongeza, kama 3 hivi ni mafuta yaliyowekwa kwa makusudi? Mwili uliyaweka akiba ya kunyonyesha, hata kabla hujajua kama ni mvulana au msichana. Si uzembe wako, ni mpango.

Mwanamke aliyeanza mimba na uzito wa kawaida anatarajiwa kuongeza kilo 11.5 hadi 16 hadi siku ya kuzaa. Ndiyo, hata 16! Toa zile 6 zilizokwenda siku ya kwanza, uone deni lilivyobaki dogo.

Na wale "waliorudi" kwa mwezi mmoja? Marekani walifuatwa akina mama 774, na mwaka mmoja baada ya kuzaa robo tatu yao walikuwa bado wazito kuliko kabla ya mimba. Robo tatu, shoga! Aliyerudi haraka ndiye wa ajabu, si wewe.

Huenda hilo tumbo linalokukera si mafuta hata kidogo. Mimba huitenganisha misuli miwili ya mbele ya tumbo. Norway walipimwa akina mama 300: wiki ya sita baada ya kuzaa, 60 kati ya kila 100 misuli yao ilikuwa bado haijakutana, na mwaka ulipotimia walibaki 33 hivi. Ukijinyima chakula kwa ajili ya misuli, unajinyima bure.

Kazi ya ziwa

Je, wajua kwamba kunyonyesha mtoto bila kumchanganyia kitu kingine huchoma takriban kalori 500 kwa siku? Ni kama utoke kijiji cha Wasini kwa miguu hadi Mkwiro, upande wa pili wa kisiwa, kisha urudi. Tena umekaa mkekani!

Zidisha kwa siku 30 upate kalori 15,000. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori 7,700 hivi. Hesabu mwenyewe: akiba ya karibu kilo 2 kwa mwezi inaweza kumwagika, ilimradi usiirudishe kwa sahani.

Mama mmoja hutengeneza robo tatu ya lita ya maziwa kila siku. Karibu sehemu 87 kati ya 100 za maziwa hayo ni maji matupu. Kwa hivyo ile kiu inayokubana mara tu mtoto anaposhika ziwa si ya kuwazia. Mwili wenyewe unadai.

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa usiku na mchana. Anavyonyonya ndivyo maziwa yanavyoongezeka. Wengi husifu uwatu, lakini fundi mkuu wa maziwa ni huyo mwenye mashavu aliyelala mapajani mwako.

Je, wajua kwamba mama akipunguza uzito taratibu, mtoto hapungukiwi? Mwaka 2000 Marekani walichapisha utafiti wa akina mama 40 wanaonyonyesha waliokuwa na uzito wa kupita kiasi. Waliokula kwa kipimo na kufanya mazoezi walipungua nusu kilo kwa wiki, na watoto wao wakakua sawasawa na wenzao. Nusu kilo. Shika hapo.

Mwili wa mama mkarimu mno. Huchota kalsiamu kwenye mifupa yako ili umpe mtoto. Mifupa ya anayenyonyesha inaweza kupungua uzito kwa asilimia 3 hadi 5, kisha hujijenga tena mtoto akishaacha ziwa. Dagaa wanaotafunwa pamoja na miiba yao wanajua kazi hiyo.

Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, inataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha. Shirika la Afya Duniani nalo linasema ziwa tupu miezi 6, kisha ziwa na chakula hadi miaka 2 au zaidi. Msikiti na kliniki wamekutana, wewe wabishana na nani?

Kenya imepiga hatua hapa, acha nikwambie! Mwaka wa 2008 na 2009, watoto 32 tu kati ya 100 walio chini ya miezi 6 ndio waliokuwa wakinyonya ziwa tupu. Kufika 2014 walikuwa 61. Karibu maradufu kwa miaka mitano.

Unafanya kazi hotelini Diani? Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia, na akupe mapumziko ya hadi saa 1 kwa kila saa 8 za kazi. Waulize wenye ofisi chumba kiko wapi.

Chunguni na sahanini

Sasa tuje jikoni, ndiko kilo zinakorudia. Nazi imekunwa kwenye mbuzi, imekamuliwa kwenye kifumbu, na tui zito la kwanza limetua kikombeni, jeupe, linanukia. Kikombe hicho kimoja kina kalori zaidi ya 400! Kikombe cha maji ya dafu, kutoka mnazi uleule, hakifiki 50.

Basi tusipike nazi? Hasha, Mvumba gani wa hapa Wasini atakubali! Ila tui la pili, lile jepesi, hubeba sehemu ndogo tu ya mafuta ya lile la kwanza. Mchuzi upikie la pili, la kwanza uweke kijiko mwishoni linukie. Nani atajua?

Gramu 100 za changu wa kuchoma zina kalori 130 hivi na protini gramu 26. Protini ndiyo inayokaa tumboni muda mrefu ukajiona umeshiba. Samaki wa chukuchuku kwa ndimu na pilipili, mbele yako baharini, na watu wanatafuta dawa za kupunguza mwili mjini!

Na kaa? Watalii wanavuka kutoka Shimoni kila msimu kuja kumla kaa wa Wasini. Nyama yake ya kuchemsha, gramu 100, haifiki kalori 100. Ukimvunja mwenyewe gamba kwa gamba, unakula polepole upende usipende, na hilo nalo ni faida.

Supu ya pweza si ya mabwana peke yao, nani kasema? Gramu 100 za pweza aliyepikwa zina protini gramu 30 na madini ya chuma miligramu 9 hivi, kiasi kinachomtosha anayenyonyesha kwa siku nzima. Vitamini B12 ndiyo usiseme: zaidi ya mara 10 ya unachohitaji. Kesho mnyang'anye bakuli!

Ila kuna samaki wa kuwapunguza. Papa, nduaro na nguru wakubwa hula samaki wengine miaka na miaka, na zebaki hujikusanya mwilini mwao, kisha hupita hadi kwenye maziwa. Wape kisogo kwa sasa, ule tafi, changu, simu na dagaa.

Je, wajua kwamba kilo nzima ya mchicha mbichi ina kalori 230 tu? Na vijiko viwili vikubwa vya mafuta unavyoukaangia vina 240! Rudia kusoma. Mafuta yamelishinda fungu zima la mboga.

Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia, au cha samli, kina kalori 120 hivi. Kukichoma kunahitaji nusu saa ya kutembea kwa haraka. Ule uji wa mzazi uliotiwa samli vijiko vitatu, ukipewa mara tatu kwa siku, umeshakufikisha kalori zaidi ya 1,000 za samli peke yake, kabla ya wali!

Muhogo wa kuchemsha, gramu 100, una kalori 150 hivi. Ukatwe vipande vyembamba, ukaangwe ukauke, utiwe pilipili na ndimu uuzwe kwa vifuko, gramu zilezile zinapanda hadi karibu 500. Muhogo ni mmoja, karai ndiyo iliyoubadilisha.

Mboga pwani, ile inayotambaa kwenye mchanga wa chumvi kando ya mikoko, haihitaji kumwagiliwa wala kununuliwa. Wasini wanaila tangu zamani. Ichemshe umwage maji ya kwanza chumvi ipungue, kwani kipimo cha chumvi kwa siku ni kijiko kimoja cha chai tu, kwa kila ulichokula.

Ndimu ni dawa, sikia. Vitamini C yake huusaidia mwili kuchota madini ya chuma kutoka kwenye mchicha na kunde. Chai ya rangi kinyume chake: ukiinywa pamoja na chakula inaweza kuzuia zaidi ya nusu ya chuma cha mboga. Chai subiri saa moja, ndimu kamua sasa.

Tumbo huchukua kama dakika 20 kuuambia ubongo kwamba limeshiba. Ukimaliza sinia kwa dakika 7, habari hazijafika bado. Pakua mara moja, nawa mkono, ongea. Ukiona bado una njaa ndipo uombe tena.

Nusu ya sahani mboga na kachumbari, robo samaki au mbaazi, robo wali. Kipimo kizima ni hicho, hakina siri nyingine. Wengi wetu tumekipindua: nusu na robo wali, na mboga imetupwa pembeni kama mgeni asiyealikwa.

Kikombe na glasi

Je, wajua kwamba chupa moja ya soda ya mililita 300 ina sukari ya vijiko 8 vya chai? Shirika la Afya Duniani linasema ni bora zaidi sukari ya kuongezwa isizidi vijiko 6 hivi kwa siku nzima. Chupa moja, na umeshapita!

Wewe husemi soda, wasema chai tu. Vikombe vitatu, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari: vijiko 9, kalori 144. Punguza kijiko kimoja kila wiki, ulimi hautatambua, kiuno kitatambua.

Kisiwa cha Wasini hakina mto, na vizazi kwa vizazi watu wake wamekinga maji ya mvua. Huku kila tone lina heshima yake. Basi glasi ya maji safi kila mtoto anaponyonya: mara 8, glasi 8, umemaliza bila kuhesabu.

Bibi Maryamu alipojifungua, Qurani inasimulia, aliambiwa atikise mtende ale tende mbivu. Tende ndogo moja ina kalori 20 hivi, saba zina 140. Tende saba zinashibisha. Kaimati saba zimeogelea mafutani kisha zikaogelea shira!

Wazee walijua

Hospitali humwita mama arudi kupimwa wiki ya 6, yaani siku ya 42. Wazee wetu walishasema arubaini. Tofauti ya siku mbili tu, na wazee hawakuwa na kalenda ya ukutani! Kabla ya siku hizo kutimia, usifikirie kujinyima chochote, kidonda kwanza.

Mkaja, ule mshipi wa nguo anaofungwa mzazi tumboni, una heshima ya ajabu Uswahilini. Bwana harusi humtolea mama wa bibi harusi zawadi ya mkaja, kumlipa kwa tumbo alilolifunga siku ile. Lakini kaa ukijua: mkaja unaukamata mgongo na misuli, hauyeyushi hata gramu moja ya mafuta.

Sheria ya dini inampa ruhusa anayenyonyesha kuacha kufunga Ramadhani akihofia afya yake au ya mtoto, kisha alipe baadaye. Ruhusa hiyo ipo, itumie bila haya. Mfungo si mpango wa kupunguza kilo, na futari yetu ya viazi vya karai na vitumbua huijui?

Wengine, nchi kavu na baharini

Mkimbiaji wetu Faith Kipyegon alijifungua binti Juni 2018. Oktoba 2019 alikuwa Doha akichukua medali ya fedha ya mita 1,500 ya dunia, na mwaka 2021 dhahabu ya Olimpiki kule Tokyo. Hata yeye, mwenye mapafu ya chuma, alihitaji zaidi ya mwaka kurudi kwenye jukwaa la medali. Wewe wataka wiki tatu?

Kati ya Julai na Septemba nyangumi wenye nundu hupita bahari ya Kisite na Mpunguti, wametoka Antaktika. Nyangumi mama huku kwetu hunyonyesha kwa miezi bila kula karibu chochote, na theluthi nzima ya maziwa yake, au zaidi, ni mafuta! Yeye amebeba akiba ya tani. Wewe huna, kwa hivyo usimuige.

Uswidi waliwafuata wanawake 151,025 waliozaa mara mbili. Walioanza mimba ya pili wakiwa wameongeza uzito mwingi walikutana zaidi na shinikizo la damu la mimba, kisukari cha mimba na watoto wakubwa kupita kiasi. Kilo za mtoto huyu zinamgusa hata ndugu yake ambaye hajatungwa!

Kenya, takwimu za 2014 zilionyesha mwanamke 1 kati ya 3 wa umri wa kuzaa alikuwa na uzito uliozidi. Watatu wangekaa hapa barazani mwaka ule, mmoja wao angekuwemo. Usimtazame mwenzako!

Usithubutu

Usilale saa chache ukidhani utapungua. Marekani mwaka 2008 iligunduliwa kwamba akina mama waliolala saa 5 au chini ya hapo, mtoto akiwa na miezi 6, walikuwa na uwezekano mara 3 zaidi wa kubaki na kilo 5 au zaidi mwaka ukitimia. Mtoto akilala mchana, nawe lala. Vyombo havina miguu.

Zile chai za "kupunguza mwili" zinazouzwa kwa vifuko? Nyingi zina sanamaki, dawa ya kuharisha. Unachopoteza chooni ni maji, yatarudi ukinywa glasi mbili, na tumbo la mtoto linaweza kuchafuka pia.

Usishuke chini ya kalori 1,500 kwa siku ukinyonyesha; wengi huhitaji zaidi ya 1,800. Ukikosa chai ya asubuhi na chakula cha mchana, saa kumi jioni utakula chochote kilicho mbele yako, na huwa ni bajia. Mdogo mdogo, mara nyingi, ndiyo njia.

Usisubiri ukumbi wa mazoezi. Wasini hakuna gari hata moja, kila mtu ni wa miguu! Arubaini ikishapita na mkunga akikuruhusu, dakika 30 za kutembea kwa siku 5 zinatimiza zile dakika 150 za wiki zinazopendekezwa, tena na mtoto mgongoni.

Ukiona unapungua zaidi ya kilo 1 kwa wiki bila kujinyima, wiki za mwanzo zikishapita, au unanenepa ghafla ukivimba miguu na kichwa kinauma, hilo si la kula wala kutokula. Panda mashua mpaka Shimoni, ushike njia ya Msambweni ukamwone daktari siku hiyohiyo.

Basi mzazi, shika matatu uende nayo: tui la pili, glasi ya maji kila ziwa, nusu kilo kwa wiki. Mimba ilichukua miezi tisa. Kilo zake nazo zipe miezi tisa, hata kumi na mbili. Na kliniki ijayo, mtoto akishashushwa kwenye mzani wake, mwombe muuguzi akupime na wewe.